Kilio Kisicho na Mwenyewe

Benchi la fundi Paulin Ntumba limeegemea ukuta wa duka lake la kushona, hapa mtaani Kamalondo, na wenye benchi hilo wanajulikana. Kuna Paulin mwenyewe, ambaye kwa sababu ya futi ya kupimia isiyomtoka shingoni wote wanamwita Sentimetre. Kuna mzee Laurent, karani mstaafu wa reli, anayeitwa Ministre kwa kuwa hakuna jambo la nchi ambalo aliulizwa, na hakuna ambalo hakulijibu. Kuna Précieux, jina la kijiweni Assistant, aliyeanza masomo chuo kikuu cha Kasapa zamani na hadi leo anasema anamalizia. Kahawa ni ya Mama Bijou, na tangawizi yake ni nyingi kuliko kahawa yenyewe. Jumamosi hiyo aliongezeka Guelor, mchoraji, aliyekaa ukingoni kabisa mwa benchi bila kusema neno, jambo lisilokuwa desturi yake. Na ng'ambo ya barabara, mbele ya lupango, ua la nyumba ya mama yake Guelor, kulikuwa na kilio.

Kilio kamili, chenye matawi ya mawese kwenye kona ya kuwaonya madereva, turubai la buluu lililofungwa kutoka ukuta hadi nguzo, na safu za viti vya plastiki. Mbele palisimama fremu kubwa yenye maua, ile inayowekwa picha ya marehemu, isipokuwa kitambaa chake kilikuwa cheupe, hakina sura. Watu walianza kuja mapema. Wanawake walileta makaa na unga, sufuria ya bukari, ugali wa hapa, ikainjikwa, na kina mama wa kwaya walikuwa wameshaimba mpaka sauti zimewakauka.

Guelor ndiye aliyekuwa mtu pekee pale aliyejua kwamba hakuna maiti. Turubai, viti na fremu vilikuwa kazi yake ya sanaa.

Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuchora waliokufa. Familia inamletea kijipicha cha kadi ya uchaguzi, naye anakikuza, anampunguzia marehemu makunyanzi, anamvika koti. Kisha akajiunga na atelier moja ya mjini, ya wasanii wa sasa, vijana wanaofanya video na magunia na mambo mengine ambayo Kamalondo hayana jina. Siku yake ya kwanza aliwapelekea picha ya marehemu mmoja, nzuri sana. Wakaitazama kwa adabu. Kisha Cathy, kiongozi wao, akamuuliza: "Na wewe uko wapi ndani?" Guelor akarudi nyumbani amekasirika, na hasira hiyo haikuisha mpaka alipoanza kumfikiria mdogo wake.

Mwenya alikwenda kuchimba shaba huko njia ya Kilwa, Kilwa ya huku kwetu, na tangu aende hakuna simu, hakuna salamu, wala mtu aliyemwona akiwa hai au amekufa. Mama yao, Madeleine, alikataa kabisa neno kilio lisitamkwe nyumbani. Kwa hiyo Guelor, aliyechora maiti za nusu ya mji, alikuwa hajapata mahali pa kumlilia ndugu yake. Alingoja mama aende kwa dada yake, mji wa Likasi, akafunga turubai. Wenzake wa atelier walikuwa wanakuja mchana kutoa maoni yao pale pale barabarani, na turubai lingekuwa limekunjwa kabla mama hajarudi.

Hakutegemea kwamba mtaa mzima ungekuja kukaa. Atelier ina sheria: mwenye kazi anafunga mdomo mpaka wengine wote wamalize kusema. Kamalondo nayo ina yake: kilioni hakuna anayeuliza nani amekufa, kwa maana kuuliza ni kukiri kwamba huwajui majirani zako. Unafika, unaketi, unalia kidogo, utajua mbele ya safari. Hivyo Guelor alinyamaza, nao hawakuuliza, na kila mmoja aliamini jirani yake anajua.

Benchi nalo halikuuliza. Benchi lilifafanua.

— Muko naona ile fremu? Ministre alianza. Picha haiko ndani. Ile ni alama ya mukubwa. Mukubwa akikufwa, bibi ya kwanza analeta picha yake, bibi ya pili analeta yake, familia inagombana. Mpaka baelewane, fremu inabaki beupe.

— Mukubwa gani, mu hii avenue? Sentimetre akauliza. Mukubwa wa hapa ni ule moja tu, mwenye jenereta.

— Njo ule, labda.

— Ule nilimupima suruali jana. Alikuwa nanenepa.

Ministre akanywa kahawa yake taratibu, kama mtu aliyetaka kupingwa tangu mwanzo.

— Mimi naona mufu iko mbali, Sentimetre aliendelea. Ni mutoto wa hapa mwenye alienda kujitunza ku hospitali ya Inde. Alikufwa kule, maiti iko mu ndege. Na picha banaichapa kule kule, juu machine ya kule iko ya nguvu. Ndege ikishuka, maiti na picha binashuka pamoja.

— Kama habaishike ku douane, fasi ya ushuru, Ministre akasema.

— Njo maana banachelewa.

Hapo Assistant akakohoa. Assistant akikohoa, Mama Bijou hufunika thermos, maana maneno yatakuwa marefu.

— Ba papa, muko nawaza mu bidogo. Hii ni kilio ya courant.

— Ya nini?

— Ya courant, ya umeme. Tulikuwa naye, tulimupenda. Akaanza kugonjwa: anakuya saa moja, anaenda. Kisha hakurudi. Nani alimuzika? Hakuna. Nani alimulilia? Hakuna. Fremu iko beupe juu courant haina sura. Ile ni symbole.

— Na ule mama mwenye analia pale mbele, analilia courant?

— Alipoteza samaki yote mu congélateur. Analia na haki yake.

Guelor alimtazama Assistant kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alikwenda, hakurudi, hakuna aliyemlilia: kama Mwenya. Assistant alikuwa amepotea njia vibaya sana, na bado alipita mlangoni kabisa pa nyumba. Guelor akatamani kumwambia. Akakumbuka sheria ya atelier, akaziba mdomo kwa kahawa.

Ministre, kwa upande wake, hakupenda kushindwa na mwanafunzi.

— Sasa niseme ile sikutaka kusema, alinong'ona, ingawa mnong'ono wake husikika hadi kwa muuza mikate. Mufu yenyewe iko pale.

— Pale wapi?

— Pale ku biti. Amekaa. Alijifanyia kilio yake mwenyewe, akajificha katikati ya bantu, aone nani analia kweli na nani alikuya juu ya bukari. Njo maana fremu haina sura. Sura iko natembea.

Wote watatu wakageuka kuwakagua waliokaa chini ya turubai, mmoja baada ya mwingine. Kulikuwa na mtu mmoja mwenye kofia aliyekuwa akila karanga kwa utulivu wa kutia shaka.

— Ministre, na weye asubuhi ulilia? Sentimetre akauliza.

— Nililia. Nililia muzuri.

— Basi ulifaulu.

— Ao hakufwa bado, Assistant akasema polepole, kama anayejisemea. Hakuna mwenye anajua kama alikufwa. Kilio ilikuya mbele, muntu atafuata. Ao hatafuata. Banamushikia nafasi tu.

Kahawa ya Guelor ilimwagikia suruali. Hakuhisi moto wake.

— Guelor, uko naungua, Mama Bijou akamwambia, akimpa kitambaa. Na weye leo uko kimya juu ya nini? Weye njo unachoraka maiti ya Kamalondo muzima. Habakukuletea picha ya huyu?

— Hapana, mama. Habakuleta.

— Ah. Nilifikiri unajua. Njo maana nilimupigia mama yako simu ku Likasi. Nilimuambia: kilio iko mbele ya lupango yenu, usikose. Alisema anapanda basi ya kwanza.

Guelor akasimama. Maskini, alisimama tu, hakujua aende wapi. Kulibomoa turubai mbele ya watu wanaoomboleza haiwezekani, na kuliacha mama alikute ni kumwambia mwanamke yule, mbele ya mtaa mzima, kwamba mwanawe amekufa. Aliogopa kama hajawahi kuogopa. Na wakati huohuo Cathy akatokea kwenye kona na wenzake wa atelier, wamebeba kamera, wanapita katikati ya matawi ya mawese wakiwa wamefungua macho.

Cathy ni mtu wa heshima. Aliwasalimia wazee wa benchi kwanza, kisha akaugeukia umati, sufuria, kwaya, akatikisa kichwa.

— Guelor, c'est très fort, ya nguvu sana, alisema. Sikuwaza bantu bataingia ndani ya kazi vile.

— Kazi gani? Ministre akauliza.

— Hii, papa. Installation yake, sanaa yake.

Benchi zima likamgeukia Guelor. Ministre aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa.

— Kwa hiyo mufu hakuna.

Cathy akawaeleza wazee jinsi wanavyofanya kule atelier, kwamba mwenye kazi huongea wa mwisho, na kwamba wazee wameshaongea vya kutosha, kwani aliwasikia tangu kwenye kona. Kisha akamwambia Guelor:

— Sasa ni zamu yako. Uko wapi ndani?

— Ni ya Mwenya, Guelor akasema. Mulijua Mwenya. Nilikosa fasi ya kumulilia. Sikuweza kuchora sura yake, juu nikiichora, nimemuzika. Kuacha pia sikuweza. Nikaacha beupe. Mimi niko pale, mu ile beupe.

Hakuna aliyecheka. Ministre, ambaye alikuwa tayari kukasirika kwa machozi aliyoibiwa asubuhi, alijikuta hana hasira. Mwenya alimjua tangu akiwa anatambaa.

— Basi sikulia bure, alisema.

— Na mama yako alikubali? Sentimetre akauliza.

— Hajue.

— Guelor. Kilio inafunguliwaka na mama ya mufu. Mama asipokaa chini, weye haukufanya kilio. Ulimutafutia ndugu yako bahati mubaya.

— Tubomoe? Cathy akauliza, na sauti yake haikuwa tena ya mtu wa maonyesho. Tutasaidia. Saa hii hii.

Lakini saa hiyo haikuwapo. Mama Madeleine alikuwa ameshapita kwenye kona, mfuko kichwani, kitambaa amekwisha kukifunga kiunoni kama afanyavyo mtu anayekwenda kulia na wenzake. Alitembea haraka, akiangalia matawi, turubai, mlango wa lupango lake. Kisha akaja moja kwa moja benchini. Yeye hakuwa na haya ya kuuliza. Alikuwa safarini, na msafiri anaruhusiwa.

— Bonjour ba ndugu. Poleni na kilio. Ni nani alikufwa?

Ministre, mtu asiyekosa jibu, alitazama ndani ya kikombe chake. Sentimetre alianza kulipima goti lake. Assistant alitazama juu, Cathy alitazama chini. Ng'ambo ya pili wimbo ukapungua, ukafifia, ukakatika kabisa, kwa maana wote waliokaa pale tangu asubuhi walikuwa wanalingoja jibu hilohilo. Hata mwenye karanga aliacha kutafuna.

— Guelor? mama akasema. Weye unachoraka bote. Ni nani?

Guelor alifungua mdomo. Jina lilikuwa pale, ulimini, ndilo alilofungia turubai na kupangia viti. Akamtazama mama yake, vumbi la njia ya Likasi likiwa bado kwenye nyusi zake, akajua kwamba akilitamka jina hilo mbele yake, Mwenya atakufa hapo hapo, na atakayekuwa amemuua ni yeye.

— Sijue, mama.

Mama Madeleine akautua mfuko. Aliitazama fremu kwa muda mrefu, kile kitambaa cheupe chenye maua pembeni, kisha akamtazama mwanawe, suruali yake yenye madoa ya kahawa, macho yake mekundu. Hakuna aliyemweleza kitu. Mama aliyezaa wawili hahitaji kuelezwa ni yupi analiliwa na mwenzake.

— Ministre hajue, akasema kwa sauti ya kufika ng'ambo. Paulin hajue. Mutoto wangu hajue. Basi hakuna muntu mwenye alikufwa. Mupakue ile bukari, bantu bakule.

Watu wakapumua. Vifuniko vikaanza kulia, mtu akaomba maji ya kunawa, na mtoto mmoja akacheka bila kukatazwa. Cathy alichukua kamera aliyokuwa ameshikiwa na mwenzake, akaifunga. Guelor akaona aibu kwa furaha aliyokuwa nayo, kazi yake ikiwa imevunjwa mbele ya macho yake na kuwa chakula cha mchana.

Mama akamketisha Guelor ukingoni mwa benchi, akaketi kando yake, akamshika mkono. Sasa sauti ilikuwa ya chini, ya benchi tu.

— Na Mwenya akifika leo, alimuuliza, vile bantu bamejaa pale, atakaa fasi gani?

Ni Assistant aliyesogea kwanza, kidogo tu, kuelekea kwa Sentimetre. Sentimetre akamsogelea Ministre, Ministre akajibana kwenye ukingo wa pili akilalamika juu ya mgongo wake, na katikati ya benchi ikabaki nafasi ya mtu mmoja. Mama Bijou akamimina kahawa, akaanzia kwa mama.