Bwana Awamu Anaaga Dawati la Watu Wazima

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mkuu wa Dawati la Wanafunzi Watu Wazima anastaafu rasmi Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Jina lake la kwenye hati ya mshahara wengi wetu tumelisahau. Walinzi, wahadhiri, hata mwenyekiti wa baraza la chuo humwita Bwana Awamu, naye huitika.

Jina hilo alilipata akiwa karani wa dirisha la ada. Wakati huo ada ya mwaka mzima ililipwa kwa mkupuo, na asiye nayo alirudi mwakani. Lakini waliofika dirishani baada ya saa za kazi walikuwa wapishi wa hospitali, madereva wa malori, wahudumu wa posta: watu wenye watoto wa kusomesha na mshahara ambao hata haujafika tayari umeshagawanywa. Bwana Awamu aliwarudisha kama alivyoagizwa, kisha akaanza kumsumbua mkuu wa chuo. Kila kikao alikuja na hoja ile ile: anayelipwa kila mwezi aruhusiwe kulipa kila mwezi.

"Hiki ni chuo, si duka la kukopesha makochi," mkuu alimwambia mbele ya watu.

"Mzee, mbona mwenye duka la makochi hajafilisika?"

Kikao kiliangua kicheko, na mkuu, akiwa bado anafuta machozi, akamruhusu ajaribu na darasa moja la jioni. Waliochelewa kulipa Bwana Awamu aliwafuata makazini kwao, si kuwadai mbele ya mabosi wao bali kuwauliza kulikoni. Karibu wote walimaliza, na malipo kwa awamu yakawa kanuni ya chuo. Mkewe hulalamika kwamba tabia hiyo aliihamishia nyumbani: hata vyombo huosha kwa awamu.

Kutoka dirishani akapewa dawati lake, katika stoo ya zamani ya viti vibovu kando ya maktaba. Hapo alipigania masomo ya Jumamosi, na chumba cha watoto kuchezea wakati mama zao wako darasani. Mimi nilihamishiwa humo kumsaidia, kwa hiyo ninayoyasimulia sasa niliyaona.

Asubuhi moja aliingia mwombaji asiyehitaji kujitambulisha: dada yake mkubwa, fundi cherehani. Wazazi wao walifariki mapema. Dada aliacha sekondari katikati, akakaa kwenye cherehani kushona sare za watoto wa wenzake ili mdogo wake asome. Sasa watoto wake mwenyewe walikuwa wamekua, naye alitaka kusomea ualimu wa watoto wadogo. Ada alikuwa na uwezo wa kuilipa kidogokidogo. Cheti cha sekondari ndicho asichokuwa nacho, na kanuni ilidai cheti.

"Mdogo wangu, si wewe ndiye mwenye dawati?"

"Dawati ni la chuo, dada. Nikikupitisha wewe, huyo aliye nyuma yako nitamwambia nini?"

"Aliye nyuma yangu hakukulea."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Bwana Awamu akamwita anayefuata kwa sauti ambayo haikuwa yake.

Zaidi ya mwaka mzima dada hakukanyaga kwa mdogo wake. Wifi yake, mke wa Bwana Awamu, alimpigia simu kama kawaida, wakacheka kama kawaida. Mume akipewa simu aongee, ilikatika. Bwana Awamu hakutulalamikia. Chai yake tu ndiyo ilikuwa ikipoa mezani, na suruali zikaanza kumpwaya. Katika kipindi hicho ndipo alipolipelekea baraza pendekezo la mtihani wa kuingilia kwa watu wazima wasio na cheti. Baraza lilikataa, likisema tutashusha hadhi ya chuo. Akarudi tena, safari hii na sharti alilojiwekea mwenyewe: mtihani utungwe na kusahihishwa na chuo kingine, na yeye asiuone. Wakakubali.

Siku hiyo hakupiga simu. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye chumba cha ushonaji, akasubiri wateja waishe.

"Dada, mlango upo sasa. Ila ni wa watu wote, na ukifeli sina la kukusaidia."

Dada hakuinua macho kwenye cherehani. "Nani kakuambia nitafeli?"

Alifeli. Hesabu za sehemu zilimkalia kooni. Bahati nzuri wifi yake ni mwalimu wa hesabu, na kila Jumapili dada alianza kuja kufundishwa kwenye meza ya chakula, huku mwenye nyumba akiamriwa akae barazani asiwavuruge. Jumapili ya kwanza alipita bila kumsalimu. Ya pili alimsalimu. Baada ya hapo alikuwa akimtuma dukani, na Bwana Awamu anasema hajawahi kutumwa akafurahi namna ile.

Mwaka uliofuata alifaulu. Alisoma miaka mitatu, cherehani ikimlipia, na siku ya mahafali mdogo wake, aliyepangwa kugawa majoho, alikutwa ameketi kati ya familia za wahitimu akilia waziwazi. Majoho niliyagawa mimi. Dada huyo sasa anafundisha chekechea, na mtihani ule umeshawaingiza wengine wengi, akiwemo mhasibu anayeandaa mishahara yetu.

Bwana Awamu si malaika. Vikao vyake havikuwa na mwisho, na mwandiko wake ni mimi na yeye tu tulioweza kuusoma, siku nyingine mmoja wetu tu.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, aliomba mabenchi ya nje ya ofisi yawekewe egemeo. "Wanaosubiri pale wametoka kazini," alisema, "na migongo yao si ya watoto." Seremala alimaliza jana.

Kaka, asante kwa kazi na kwa moyo. Tunakuombea afya, amani ya nyumbani na usingizi mtamu wa mchana. Ijumaa, hotuba zikiisha, njoo ukae kwenye benchi lako. Hakuna atakayekuita ndani.