Viti Viwili vya Ijumaa Tarehe Ishirini

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, na nyote mlioacha shughuli zenu leo Jumamosi tarehe 7 Juni 2025 mkaja kumsindikiza kaka yetu, mimi ni dada yake ninayemfuata kwa kuzaliwa, mwalimu wa hesabu kwa miaka ishirini na tisa, na familia imenituma mimi nisome historia hii kwa sababu, kama alivyosema kaka yetu mkubwa, nina sauti inayofika mpaka nyuma na sipendi tarehe za kukisia, jambo ambalo ni kweli, na ndilo lililoniponza, kama mtakavyosikia.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 9 Machi 1961, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa baba yetu, seremala, na mama yetu, mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, nyumba ambayo ukiamka unakuta vumbi la mbao limetua hata kwenye mswaki. Alizaliwa na macho mabovu, wala hakuna aliyejua, kwa hiyo alikua akiitwa mzembe, anayemwaga maji, anayejikwaa, anayesalimia nguzo akidhani ni mjomba, na yeye mwenyewe hakulalamika kwa kuwa alidhani binadamu wote wanaona hivyo hivyo.

Alianza elimu ya msingi Januari 1968, na ni mwalimu wake wa darasa la pili aliyemwona anausogelea ubao mpaka pua inashika chaki, akamwita baba, na tarehe 21 Juni 1969 marehemu akavalishwa miwani yake ya kwanza. Siku hiyo hiyo, wakati wa kurudi nyumbani, baba alimpitisha sinema, maonyesho ya saa tisa alasiri, ili ayajaribu hayo macho mapya, na kaka alipenda kusimulia kwamba kitu cha kwanza alichokiona vizuri duniani hakikuwa uso wa mama wala jua, kilikuwa farasi mwenye ukubwa wa nyumba, na kila unywele wa shingo yake ulionekana peke yake. Basi, toka siku hiyo hakupona. Alimaliza elimu ya msingi mwaka 1974 na sekondari mwaka 1978, kwa matokeo ya wastani, kwa kuwa akili yake ilikuwa kwenye filamu ambazo hazijafika, na wenzake walipomuuliza kila Jumatatu kama ile aliyoisifu imeshaanza kuonyeshwa alijibu bado, na wiki iliyofuata bado, mpaka jina likamganda, na wengi wenu hapa mnamjua kwa jina hilo tu, Bado.

Tarehe 2 Februari 1981 alianza kazi kama mwanafunzi katika karakana ya miwani, akajifunza kusaga vioo, kupiga msasa kingo zake, na kuvipachika kwenye fremu bila kuviacha na ufa, na kazi hiyo aliifanya katika chumba kile kile, kwenye meza ile ile ya dirishani, mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 2021. Wateja wake wanakumbuka kwamba hakumkabidhi mtu miwani bila kwanza kumwambia ni filamu gani akaijaribie, akisema zile herufi za ukutani hazipimi macho, zinapima subira.

Na kwa kuwa siwezi kueleza maisha yake bila maoni yake, maana hata yeye hakuweza, niseme kidogo. Kaka alitoa alama mbili kwa kila filamu kubwa, alama ya kabla na alama ya baada, kila moja kati ya kumi, ile ya kabla akiitoa kwa kuangalia kionjo tu, kile kipande kifupi kinachotangulia filamu yenyewe, na mimi nilimwambia mara nyingi kwamba hakuna mwalimu mwenye akili timamu anayesahihisha mtihani ambao haujafanywa, naye alinijibu kwamba mwalimu yeyote akimwona mwanafunzi anaingia mlangoni anajua, na hapo alinipata. Alisema kionjo kikionyesha vichekesho vyote ujue ndani hakuna kingine. Alisema miji inabomolewa kila mwaka ifikapo Julai na hajawahi kumwona hata mtu mmoja ameshika ufagio. Alisema stelingi, yule shujaa mkuu wa filamu, akiwa na miaka sitini na tatu asiruke paa, apande ngazi kama sisi, na ataheshimiwa zaidi. Filamu za mashujaa wa kuruka angani alishazichoka, akisema wamekuwa wengi mpaka wanapishana huko juu kwa zamu, lakini kila ilipotangazwa nyingine alikuwa wa kwanza kuingia, na alipotoka akiwa amekasirika alikuwa na furaha kuliko watu walioipenda.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na wifi yetu, karani wa posta, mwanamke mpole ambaye kwa miaka ishirini na minne alikwenda naye sinema kila wiki na kila wiki alilala, taa zikizimwa tu kichwa kiko begani, hata mabomu hayakumwamsha, na raha ya kaka ilikuwa njiani wakirudi, maana alimsimulia filamu yote toka mwanzo, naye wifi akaibishia hadithi ambayo hakuiona, kwamba yule mama asingemwacha mtoto, kwamba yule mwizi ana sura ya huruma, wakafika mlangoni bado wanabishana. Walijaliwa mtoto mmoja, binti yetu, mhandisi wa madaraja, aliyesafiri kutoka mbali na yuko hapa mbele yenu, na kupitia kwake marehemu alipata wajukuu wawili. Wifi yetu alifariki Jumatatu tarehe 22 Agosti 2016, na kaka akaendelea kwenda sinema kila wiki, mstari wa sita, kiti cha saba, na kwenye kiti cha nane akaweka koti lake, na mtu akimwuliza kama pana mwenyewe alisema pana.

Sasa nifike kwenye ugonjwa, na hapa naomba mnivumilie.

Wifi alipoondoka, kaka alikosa wa kumsimulia, kwa hiyo Februari 2017 alianza kututumia jumbe za sauti kwenye kundi la familia, ujumbe mmoja kila wiki, dakika nne, tano, wakati mwingine tisa, kuhusu filamu iliyotoka na ile inayokuja, alama ya kabla na alama ya baada. Mwanzoni tulisikiliza. Baadaye, jamani, nani ana dakika tisa, tulizima mlio wa kundi mmoja baada ya mwingine, tukawa tunamrudishia dole gumba bila kufungua, kwa heshima tu, asijisikie vibaya, na nasema sisi kwa sababu ni sisi, kaka mkubwa, mdogo wetu wa mwisho, binti yake, na mimi, na mimi ndiye niliyewafundisha wengine kwamba dole gumba linatosha.

Marehemu alifariki Jumatano. Alhamisi asubuhi niliketi kuandika historia hii, kuzaliwa nikaandika, shule nikaandika, kazi na ndoa nikaandika, nilipofika kwenye ugonjwa nikamwuliza kaka mkubwa ulianza lini, hakujua, nikamwuliza mdogo wetu, hakujua, binti yake akalia tu, na daktari alikuwa na tarehe za vipimo lakini hakuwa na siku ya maumivu ya kwanza. Mtu ameugua miezi saba na watu wake wanne, ndugu watatu na binti, hawajui tarehe hata moja. Ndipo nikalifungua kundi la familia, si kwa upendo, nisiwadanganye, nilikuwa natafuta tarehe, nikaanzia Oktoba mwaka jana na kusikiliza jumbe zote zilizofuata, thelathini na tatu, saa mbili na dakika hamsini na moja, na tarehe zote zilikuwemo.

Tarehe 11 Novemba 2024, akizungumzia filamu ya jitu linalotoka chini ya barafu, alama ya kabla saba, alisema kwamba ilimbidi atoke ukumbini kabla haijaisha kwa sababu ya maumivu ya tumbo, kitu ambacho hakijawahi kumtokea toka azaliwe, akaomba kama kuna aliyeiona amwambie jitu lilikufa vipi. Hakuna aliyemwambia. Tarehe 17 Januari 2025, katikati ya kulalamika kwamba vionjo siku hizi vinatoboa siri zote, alisema amefanya vipimo. Na tarehe 3 Februari 2025, Jumatatu, saa kumi na dakika ishirini jioni, alizungumza dakika nne nzima juu ya filamu ya ndugu wawili wanaoiba treni, akaisifu, akacheka, kisha akasema kwa sauti ile ile kwamba ameambiwa ni saratani ya kongosho, na imeshasambaa, na kwamba ameanza na treni kwa makusudi ili tusishtuke. Chini ya ujumbe huo pana madole gumba matatu, na pana kile kikatuni kinachocheka mpaka kinatoa machozi, ambacho nilikituma mimi.

Kaka yetu aliamini kwamba ametuambia na kwamba tumesikia, akakaa miezi minne akiwa peke yake na jibu hilo, hakutulaumu, na kila wiki aliendelea kutuma, dozi ngapi, uzito umeshuka kiasi gani, na filamu gani inakuja.

Tarehe 26 Mei alilazwa, na sisi tulipigiwa simu na jirani yake, fundi viatu, ambaye alishangaa kwamba tunashangaa. Nilifika Jumapili tarehe 1 Juni, nikamkuta amekonda, miwani imekuwa kubwa kuliko uso, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kama nimesikia ule ujumbe wa tarehe ishirini na tisa. Nikasema nimesikia. Akauliza basi, unasemaje. Nikasema tutaongea ukipona. Akanitazama, akasema haya, akageukia dirishani, na mimi nikamenya chungwa. Mimi, ninayewapiga marufuku wanafunzi wangu kunakili jibu wasilolikokotoa, nilimjibu kaka yangu swali ambalo sikuwa nimelisoma.

Marehemu aliaga dunia Jumatano tarehe 4 Juni 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Ujumbe wa tarehe 29 Mei, wa mwisho kati ya hizo thelathini na tatu, niliufikia jana. Unahusu filamu za mzamiaji mmoja wa baharini, alizozipenda kuliko zote, ambazo sehemu yake ya tatu iliishia mzamiaji amezama na kamba imerudi juu tupu, na kwa miaka mitano dunia imebishana kama alikufa, na sehemu ya nne inaanza kuonyeshwa Ijumaa tarehe 20 Juni. Kaka anasema hakufa, kwa sababu kamba ilirudi imefunguliwa, haikukatika, na fundo halijifungui lenyewe. Anatoa alama ya kabla, tisa na nusu, ambayo hajawahi kuitoa. Kisha anasema kwamba mwenzake wa karakana amemkatia tiketi mbili, mstari wa sita, kiti cha saba na cha nane, kwamba yeye huenda asiweze kukaa, lakini anayetaka kwenda aandike neno moja tu kwenye kundi, mimi, na akitoka aje amsimulie popote atakapokuwa, asiruke kitu, na abishane. Halafu inasikika feni ya wodini, kisha anasema kwamba hata asiyependa filamu anaruhusiwa, alale tu, yeye amezoea.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi yake, na kwa namna ya pekee yule muuguzi wa zamu ya mchana aliyetazama naye kionjo cha mzamiaji mara kumi na nne kwa hesabu yake mwenyewe, akamwambia kila mara kwamba mzamiaji amekufa, akubali yaishe, maana alijua kwamba kubishiwa ndiko mgonjwa wake alikokukosa. Namshukuru jirani, fundi viatu, aliyempeleka kliniki tulipodhani hakuna kliniki. Nawashukuru wenzake wa karakana, na yule aliyepanga foleni ya tiketi na kunikabidhi jana zikiwa ndani ya kasha la miwani. Namshukuru mkata tiketi wa sinema, mama aliyeketi pale nyuma, ambaye kwa miaka tisa hakumuuzia mtu yeyote kiti cha nane.

Kaka, nimechelewa siku tisa kujibu, na najibu hapa mbele ya watu kwa kuwa kule hutasoma. Mimi. Nitakwenda mimi, Ijumaa tarehe ishirini, koti lako nitaliweka kwenye kiti cha saba, mimi nitakaa cha nane, sitalala, na kesho yake nitakuja hapa kukusimulia toka mwanzo, na nakuambia mapema kwamba kwa maoni yangu yule mtu amekufa, kwa hiyo jiandae. Mpaka hapo, pumzika kwa amani.