Wageni Wasimame

Zimeni hiyo redio, wanangu, mje mkae karibu na kitanda, maana sauti niliyonayo leo ni ya kuazima na sitaki kurudia neno. Wewe kifungua mimba wangu, acha kusimama hapo dirishani kama mtu anayesubiri basi, vuta kigoda ukae. Binti yangu muuguzi, usinishike mkono kutafuta mapigo ya moyo, nishike tu kama mtoto anavyomshika baba yake. Na wewe kitindamimba, futa machozi, nafasi ya kulia utaipata tele.

Jana nilisikia futi ya chuma ikivutwa nje ya karakana yangu. Mlio ule naujua, nimeishi nao tangu sijaota ndevu. Kifungua mimba, ulileta mtu apime kiwanja nami bado napumua humu ndani. Sikukasirika, nilicheka mpaka kikohozi kikanipanda, kwa sababu mlipima vibaya, mlianzia ukutani badala ya kwenye jiwe la mpaka. Lakini nisikie vizuri: karakana haiuzwi. Nyumba hii ni yenu watatu, dada yenu aendelee kukaa humu na mlango uwe wazi kwenu nyote. Shamba la bondeni ni lako wewe mkubwa, ulime au uliachie majani, shauri yako. Nyumba ndogo ya uani ni ya kitindamimba. Karakana, pamoja na meza ya kazi, randa, misumeno na patasi, vyote ni vya Mama Pacha. Mchungaji ameandika, mashahidi wametia sahihi, na akili zangu ni timamu.

Najua mnachotaka kusema. Yule si ndugu yetu, yule ni mkimbizi, tulimsaidia na inatosha. Basi tulieni niwaeleze, maana mlikuwa masomoni na mengi mliyasikia juu juu.

Wakimbizi walishushwa na malori mbele ya kanisa, vita imewafukuza kwao, hawana hata sufuria. Tukafungua ukumbi, tukatandika magodoro, tukatenga familia na familia kwa mapazia, tukawapikia kwa masufuria ya harusi. Mama Pacha alikuja na mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani, na mume wake hakufika kamwe. Tuliwapenda watu wale, wanangu, tuliwapenda kwa dhati, na katika kupenda huko tukafanya kosa ambalo ni watu wa kanisa tu wanaoweza kulifanya. Kila Jumapili, matangazo yakiisha, katibu wetu alinyanyuka na kusema, "Wageni wetu wasimame tuwakaribishe!" Wakasimama, tukaimba, tukapiga makofi. Jumapili ya kwanza watu walilia kwa furaha. Shida ni kwamba hatukujua pa kuachia. Masika yakaja yakaenda, pacha wakaota meno, wakaanza shule, wakaongea lugha yetu kuliko mimi, wakubwa wao wakapanga vyumba na kufungua vibanda sokoni, na bado kila Jumapili, wageni wasimame.

Jumapili moja Mama Pacha hakusimama. Katibu akarudia, akakohoa, akarudia tena, mama wa watu katulia tuli na wanawe huku na huku. Minong'ono ikaanza kwamba hana shukrani. Ibada ilipokwisha akanifuata karakana, akasimama kwenye maranda. "Baba," akaniambia, "mkinisimamisha kila wiki, wanangu watajua lini kwamba hapa ni kwao? Nipangieni zamu ya kufagia kanisa. Mkifiwa, niiteni nikeshe jikoni na wenzangu."

Nikamwuliza, "Mama Pacha, watu wanaikimbia zamu ya kufagia, wewe unaiomba?"

"Ndiyo, Baba. Nami nataka siku moja niikimbie."

Nilicheka, lakini maneno yale yalinikaa rohoni wiki nzima. Jumapili iliyofuata katibu akanyanyuka na wimbo wake, wageni wasimame, nikasimama mimi. Akasema, "Mzee, kaa, nimesema wageni." Nikamwambia, "Nami nimesikia." Kila mtu anajua babu yenu aliingia mji huu na msumeno begani na shati moja la kubadilisha. Mama yenu akasimama, maana yeye aliolewa kutoka ng'ambo ya mto. Akasimama mwalimu wa kwaya, akasimama mchungaji mwenyewe aliyehamishiwa hapa juzi tu, benchi baada ya benchi, mpaka aliyebaki mwenyeji ni katibu peke yake, na hapakuwa na wa kutupigia makofi. Tangu siku ile katibu hanisalimii ila kwa kidevu. Msimwekee kinyongo. Siku yangu ikifika, mpeni abebe jeneza upande wa mbele, ndipo tutakuwa tumepatana.

Mama Pacha akapewa zamu. Akifagia, akaona benchi linayumba, akaniuliza anayelitengeneza ni nani. Nikampa msasa, baadaye nikampa randa, na mikono yangu ilipoanza kutetemeka yeye ndiye aliyekuwa mikono yangu. Mabenchi mnayokalia pale kanisani, yale mapya, ni kazi yake. Na mama yenu alipofariki nanyi mko njiani, aliyemwosha na kumvika gauni lake la bluu ni yeye. Hajawahi kuwaambia, na mimi nimechoka kunyamaza.

Maji kidogo, binti yangu... Ahsante. Yatosha.

Mbao za jeneza langu ziko juu ya dari ya karakana, kavu na nzuri. Msininunulie jeneza la vioo, nitaonekana nimepanda gari la mtu. Atatengeneza Mama Pacha. Kanisani, yeye na wanawe wakae benchi letu, mwisho kule ukutani alipokaa mama yenu. Mtu akiuliza, semeni ni dada yetu. Semeni kwa sauti, msiseme kwa aibu.

Mungu awalinde wanangu. Awape kazi za kuwachosha na usingizi wa kuwapumzisha. Mlango wenu usikose mtu wa kubisha hodi. Ninyi watatu... ninyi wanne, mzikane. Nimewabariki.

Sasa, kifungua mimba. Ingiza mkono chini ya mto wangu... hapo hapo. Ni ufunguo wa karakana. Nimemwita aje, na ninataka umpe wewe, kwa mkono wako, nikiwa naona. Ningeweza kumpa mimi, lakini kesho mimi sipo, na wewe upo. Ndiyo maana.

Shh. Nasikia kandambili zake barazani.

Karibu, mwanangu. Ingia... Kaka yako ana kitu chako... Ndiyo, hivyo hivyo, kwa mikono miwili... Umefanya vizuri, mwanangu. Umefanya vizuri sana. Sasa mpishe kigoda chako.

Mbona bado uko mlangoni, Mama Pacha? Njoo. Kaa. Umesimama vya kutosha.