Mzee Wahabi, Kapteni na Rangi ya Divai

Kwa Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, watu wanaojua kuandika Kiswahili kinachosomeka ni watatu, na wawili kati yao ni mimi. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu mwalimu aliishiwa cha kunifundisha. Ndiyo maana kampuni yetu ya mizigo, ilipotafuta mtu wa kumwandikia Mzee Wahabi maneno ya kumuaga, haikuhangaika. Swaliki wa kupakia magari, yaani mimi, yupo. Na kwa kuwa sherehe iko upande wa Kenya, ambako askari wa Uganda hawasikii, Swaliki ataandika bila kupunguza chumvi.

Mzee Wahabi anastaafu leo, tarehe 31 Machi 1978, baada ya miaka ishirini na saba katika ghala letu la mpakani. Alianza akiwa mbeba magunia mwenye shingo ya ng'ombe wa kulimia. Anaondoka akiwa mkuu wa ghala mwenye tumbo linalofika kazini kabla yake. Ni yeye aliyekataza sabuni kulala chumba kimoja na majani ya chai, baada ya mji mzima wa Tororo kunywa chai yenye povu.

Lakini jina lake lilivuma kwa divai. Mwislamu huyu hajaonja hata tone, ila padre mmoja aliyekuwa akija kuchukua divai ya misa alimfundisha kila kitu. Nyeupe inywewe baridi, nyekundu isitiwe barafu, na chupa zilazwe ili kizibo kisikauke. Sisi tulimcheka. Siku ya kapteni hatukucheka.

Ilikuwa mwaka 1975. Kapteni mmoja wa jeshi la Uganda aliagiza divai ya sherehe kutoka Kenya, na dereva wetu Rasto akaileta hadi ghalani. Kufungua masanduku, nusu ni nyekundu, nusu ni nyeupe. Kapteni hakuwahi kuona divai nyeupe maishani mwake.

"Wewe nakunywa divai yangu, natia maji!" alimfokea Rasto. "Rangi nakwenda wapi?"

Rasto alimwonyesha vizibo, havijaguswa. Kapteni akasema watu wa magendo wanajua kuziba kuliko kiwanda. Askari wawili wakamshika Rasto mikono kumpeleka kwenye Landrova, na mwaka ule kila mtu alijua safari za Landrova zilikuwa za kwenda tu.

Hapo Mzee Wahabi alichukua zambarau kwenye beseni la Nereah, mama aliyekuwa akiuza matunda langoni. Akazimenya chache kwa wembe, akakamua nyama yake kwenye glasi. Maji yalitoka meupe. Nyingine akaziponda na maganda yake, akaziacha kidogo, akakamua. Yakatoka mekundu kama wino wa mwalimu wangu.

"Rangi iko kwa ganda, afande," alisema. "Zabibu ni vilevile. Nyekundu nalala na maganda yake mpaka nachacha. Nyeupe nakamuliwa mapema, maganda natupwa. Hakuna maji hapo."

Kapteni hakuridhika. Mzee akampa ganda la zambarau atafune. Ulimi wake ukakauka, uso ukajikunja. Kisha akaonja divai nyekundu: ukavu uleule. Akaonja nyeupe: nyepesi, kali kidogo kama ndimu, ulimi uko salama.

"Kumbe huyu ni ndugu ya yule," alisema, "ila navua koti!"

Akacheka, na askari wakacheka kwa amri. Rasto aliachiwa palepale. Tangu siku hiyo hakuna sanduku letu la divai lililozuiwa, na kapteni mwenyewe alirudi kuomba ile isiyo na koti.

Mzee, asante kwa kutulea na kutugombeza. Nenda kijijini Kwapa ukalime mihogo yako, ulale mchana bila honi ya lori. Mungu akupe umri, afya na mbuzi watiifu kuliko sisi.

Kimoja tu kilienda mrama, na mwenyewe ameniambia nikiandike. Siku ile, kabla ya kushika zambarau, Mzee alianza kwa kumweleza kapteni yeye ni nani: miaka yake ghalani, wakubwa waliomsifu, padre aliyemwita profesa. Hotuba ilikuwa tamu, hata mimi niliifurahia. Katikati yake kapteni alichoka kusubiri, akamzaba Rasto kofi. Sikio la kushoto la Rasto halijasikia tena. Leo kiti cha Mzee tumekiweka kulia kwa Rasto, upande wa sikio linalosikia.