Mwalimu Zulekha na Watoto Saba wa Kwangwali

Mashehe wetu, wazee wangu, na mama zetu mliokaa uani, assalaamu alaykum. Mimi ni Haidar Yussuf, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, familia imenipa karatasi hii niisome kabla ya khitma kufungwa, nami nitaisoma yote, hata pale ambapo baadhi yenu mtatamani nipapite haraka.

Marehemu Mwalimu Zulekha Yussuf Nyange alizaliwa tarehe 14 Machi 1965, Jadida, mjini Wete, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Yussuf Nyange na Bi Moza, alihitimu msahafu akiwa na miaka kumi na moja, akasoma skuli hapo hapo Wete hadi mwaka 1982, kisha akavuka kwenda Unguja kusomea ualimu, na mwaka 1986 akarudi na cheti chake, wakati wenzake wengi walibaki huko huko.

Mwaka 1988 aliolewa na Mmanga Ngwali, aliyekuwa mchukuzi bandarini Wesha, wakajenga hapa Kwangwali, ambako nami niliwafuata baadaye, wakajaaliwa watoto watatu, Abdulnasir, Rahma na Shamima, ambao wote wamo humu leo. Shemeji yetu alitangulia mbele ya haki tarehe 2 Mei 2011, na tangu siku hiyo dada aliilea nyumba na skuli peke yake.

Skuli hiyo mnaijua, maana mliijenga wenyewe kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa nguvu zake, mwaka 1991, darasa la kwanza hadi la tatu, ili watoto wadogo wasivuke barabara ya lami. Marehemu aliianza na watoto themanini na wawili, mwaka 2004 wakafika mia moja na kumi na wanne, halafu vijana wakahamia Unguja na wake zao, wenye uwezo wakapeleka wanao skuli za kulipia, na mwaka 2023 rejista ikabaki na watoto thelathini na wanane, wasichana ishirini na mmoja na wavulana kumi na saba. Kati yao thelathini na mmoja walikuwa wa nyumba zetu, na saba walitoka kwa Mzee Jaribu, ambaye babu yake alikuja kutoka bara kuchuma karafuu kabla wengi wetu hatujazaliwa, na ambaye mpaka leo twamwita mgeni. Wapo humu waliomtaka mwalimu awakalishe watoto hao nyuma, naye akawaweka mbele, chini ya ubao.

Mwaka huo ikaja barua ya wizara kwamba skuli itakayokutwa na watoto chini ya thelathini itafungwa, na kwamba Kwangwali itahesabiwa Jumatano, tarehe 18 Oktoba, yaani katikati ya msimu, wakati sote tunahamia dago, kwenye vibanda vya mashambani, na watoto wetu kuchuma karafuu. Marehemu aliomba tarehe isogezwe, akakataliwa. Basi Ijumaa, tarehe 13, alimwomba Imamu atuzungumzie baada ya sala, na sisi wanaume wa Kwangwali tukaahidi ndani ya msikiti, mmoja mmoja, kwamba kila nyumba itamwacha mwanamke mmoja na watoto mpaka siku ya kuhesabiwa ipite. Mzee Jaribu hakuitwa kwenye mazungumzo hayo.

Jumamosi tukasikia kuwa karafuu zimeiva zote kwa mpigo, na kila nyumba ikajiambia kimya kimya kwamba watoto wake wawili hawataharibu hesabu, kwa kuwa wa jirani wapo. Hakuna aliyemuuliza mwenziwe. Jumatano mwalimu alifungua madarasa alfajiri, akafagia, akapanga madawati thelathini na manane, na walioingia walikuwa saba, wa kwa Mzee Jaribu, waliokuja kwa sababu ilikuwa siku ya skuli. Ofisa aliyekuja kuhesabu alimuuliza kama wengine wako njiani, angeweza kusema ndiyo, akajibu kwamba waliopo ni hao.

Skuli ilifungwa tarehe 31 Disemba 2023, watoto wetu sasa wanavuka lami, na marehemu alihamishiwa skuli nyengine kuwa mwalimu wa zamu ya mchana, akafundisha huko mpaka presha na figo zilipomlaza mwezi wa Februari mwaka huu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami ndiye niliyekuwa nguoni, kwa kuwa msikitini niliahidi wa kwanza. Siku moja nikimpelekea uji hospitali aliniambia, "Hebu n'ambie, Haidar, wanao siku ile walikuwa wapi?" Nikajifanya nakoroga uji. Hakuuliza tena. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini, na akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi minne, walimu wenzake waliokuja kwa zamu kumsomea Yasini, na nyumba ya Mzee Jaribu, iliyomfulia na kumchotea maji bila kuombwa. Nanyi majirani wa Kwangwali nakushukuruni kwa kuchimba kaburi, kwa jeneza na kwa vyungu vilivyopikwa, mlikuja wote, hata njia ya makaburini ikafungika, na moyo wangu ukaniuma zaidi kuliko kama mngekuja watu saba.

Dada, uliniuliza, leo nakujibu mbele ya watu: wanangu walikuwa shambani wakiokota karafuu chini ya mikarafuu, na mimi ndiye niliyewapeleka. Msamaha hatukukuomba, wala hukutamka kwamba umetusamehe. Mola akupokee kwa rehema zake, ulale kwa amani.