Gari la Nyuma ya Nyumba ya Raho

Mwaka ule wa sitini na saba, ukitaka kujua jambo Garissa, hukwenda ofisini. Ofisini wangekuuliza kipande cha kitambulisho. Ulikuja kwenye benchi mbele ya duka langu la ushonaji, ukaulizwa kahawa yako iwe na tangawizi au bila. Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa nyuma wa lori lililokanyaga bomu njia ya Wajir, umelazwa juu ya matairi, na hakuna aliyeona ubaya kuukalia. Wenye benchi walikuwa watatu. Kulow Redio, mwenye birika, alizijua habari hata kabla hazijatokea. Jelle Karani alipiga chapa ofisi ya DC mpaka vita vya serikali na shifta, waasi wa Kisomali, vikamkuta upande usiotakiwa. Diriye Jeki alikuwa tanboi, msaidizi wa madereva wa malori, tangu enzi za Waingereza na hajawahi kupewa usukani. Mimi ni mtu wa Lamu, wananiita Fundi. Kwa heshima yangu walibishana kwa Kiswahili, ingawa kuvuta kwao mara nyingi kulikuwa kufuta, na pikapu ilikuwa bikabu. Wakikasirika sana walirudi Kisomali, nami nikapumzika.

Siku hiyo alasiri alikuja Keinan na mnyororo begani.

— Salaam aleikum.

— Waaleikum salaam, Keinan, akaitika Redio. Umekamata nani na hiyo mnyororo?

— Bado. Nataka kukamata gari.

Keinan alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, mtu wa maneno machache. Serikali ilipoamuru watu wote waingie katika vijiji vyenye ua wa miiba na askari mlangoni, yeye alipandisha nyumba juu ya lori lake. Au niseme mkewe, Raho, ndiye aliyeipandisha, maana kwa Wasomali nyumba ni ya mwanamke: yeye hukunja miti, yeye hutandika mikeka, na wakihama yeye huvuta ngamia aliyeibeba. Basi Raho akaisimamisha palepale nyuma ya Bedford, na kitanda na jiko la mkaa. Polisi wakatafuta sheria ya kuwakataza, wakaikosa.

— Kesho asubuhi naingia konvoi ya Wajir, Keinan akaeleza. Kutoka Wajir nakwenda Hadado. Lakini lori haikubaliwi kuacha barabara kubwa. Gari ndogo yenye mgonjwa ndiyo inakubaliwa. Kwa hivyo nafuta gari ndogo nyuma.

— Mgonjwa nani? nikauliza.

— Raho. Mwezi wake umefika.

Hapo tukajua. Mama yake Raho ni mkunga, yuko Hadado, na hawezi kutoka huko. Mtoto wa mwaka juzi alizaliwa hapa Garissa kwa mikono mingine, akazikwa kabla ya magharibi. Tangu hapo Raho alisema hazai tena mbali na mama yake, na Keinan hakuwa mtu wa kumwambia hapana kwa jambo hilo. Nilimhurumia, lakini huruma yangu haikuwa na magurudumu.

— Si uendeshe tu hiyo ndogo ndani ya konvoi? akasema Redio.

— Ruhusa yangu ni ya gari moja, na betroli ya gari moja.

— Na kinachovutwa hakihesabiwi gari, Karani akadakia, macho yakimng'aa. Kinahesabiwa mzigo. Nimepiga chapa kanuni hiyo kwa vidole hivi.

— Basi bakia hiyo ndogo juu ya lori, akasema Redio.

— Juu kuna nyumba, akasema Keinan.

Mzungu mmoja mwindaji alikuwa anafunga kazi. Alikuwa na magari matatu uani: Land Rover, pikapu ya Peugeot na Volkswagen. Alikubali kumwachia Keinan moja kwa ngamia wawili, achague kabla ya jua kutua. Keinan akaweka mnyororo chini, akaketi. Redio akammiminia kahawa. Hapo baraza likafunguliwa.

— Hiyo haina maneno mingi, Jeki akaanza. Chukua Land Rofa. Ngamia wa nyuma lazima awe na ngufu.

— Ngamia wa nyuma awe mpole, akapinga Karani. Mwenye nguvu ni wa mbele. Ukifunga madume wawili kamba moja, mmoja atataka kupita.

— Land Rofa itapitaje na injini imezimwa? akauliza Jeki.

— Mlima ukishuka itapita. Kila mtu anajua.

— Walaal, ndugu yangu, njia ya Wajir iko wapi mlima?

Karani akanywa kahawa.

— Mimi nasema bikabu, akasema Redio. Nyuma ya bikabu unaweka mbuzi. Ukifika Hadado hukosi zawadi ya mama mkwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Na Land Rover wanajeshi watasema ni ya shifta, akaongeza Karani.

— Na shifta watasema ni ya jeshi, akasema Redio. Utapigwa na wote wawili. Hiyo gari ndiyo sawasawa kwa mtu anapenda haki.

Keinan aligeuza shingo kila mara kumtazama anayesema. Alikuwa na imani, na imani ya mtu kama yule inatisha.

— Sikia, Jeki akasema kwa sauti ya chini. Nimefikiri. Fokswagen. Injini yake iko matakoni. Kichwa nyepesi. Ukifuta kichwa nyepesi, mwili inafuata. Ndama unafuta kichwa, hufuti mkia.

— Hapo umesema, akakiri Karani. Tena ni ndogo, lori halitaisikia. Nyani haoni kundule.

— Lakini hiyo injini ni mzigo bure, Redio akasema. Haifanyi kazi mpaka Wajir, kwa nini iende imekaa kama bwana? Toa! Weka ndani ya nyumba, chini ya kitanda. Ukifika Wajir unarudisha.

— Chini ya kitanda cha Raho? nikauliza.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

Jeki akapiga goti kwa furaha. Alisema injini ya Volkswagen hutoka kwa bolti nne tu, naye angeitoa mwenyewe kabla ya isha kama si mgongo. Nikaona Keinan anapiga hesabu ya nafasi chini ya kitanda.

— Usiitoe, nikamwambia.

— Fundi, wewe ni mtu wa cherehani, akaniambia Karani bila ubaya.

Kahawa ikaenda mzunguko wa pili, na nadharia zikaota pembe. Jeki alisema mnyororo uwe mrefu, maana simba humla ngamia wa mwisho, na ukiwa mrefu vya kutosha simba atakula huko nyuma wewe huna habari. Karani alisema uwe mfupi, konvoi isije ikaingiza lori lingine katikati na Keinan akafika Wajir akivuta mali ya serikali. Redio alitaka gari la nyuma lichorwe macho na meno, shifta waogope. Kisha akabadilika mwenyewe, uso ukawa mzito.

— Haye, kwa nini tunaweka nyuma? Weka mbele! Lori inasukuma ile ndogo. Bomu ikiwa chini, inakula ile ndogo kwanza. Raho yuko salama juu nyumbani.

Lilikuwa wazo la kwanza lenye akili alasiri ile, na lilikuwa baya.

— Na tukifika Wajir bila gari ndogo, Keinan akauliza taratibu, Hadado nakwenda na nini?

— Hiyo sasa ni baraka za Mungu, akasema Redio.

Wakapiga kura. Volkswagen ikapita, injini ikae palepale kwa sababu ya mgongo wa Jeki. Keinan akainuka na mnyororo wake, akaenda kwa yule Mzungu. Hatukumaliza kahawa kabla hajarudi na Bedford, nyumba ya mikeka ikiyumba juu, na Volkswagen nyeupe imefungwa nyuma kwa mnyororo. Sehemu ile ya uani hadi kwetu alisaidiwa na mpishi wa Mzungu, ambaye alishuka kwenye Volkswagen, akafuta mikono, akarudi kazini kwake. Sisi tulimtazama mpishi akienda, na hatukuona kitu.

Raho akashuka kutoka nyumbani kwake kwa ngazi ya nyuma, polepole, mkono kiunoni. Alizunguka gari dogo mara moja. Akagusa mnyororo. Kisha akaja mbele ya benchi, shuka limefunika mabega.

— Jelle, adeer, ami yangu, habari ya nyumbani. Kulow. Diriye. Fundi. Mume wangu anasema nyinyi mumemchagulia gari.

— Sisi, eeddo, akasema Karani, akimwita shangazi kwa adabu zote. Baada ya mashauri marefu.

— Ahsante. Nauliza moja tu. Keinan anaendesha lori. Huyu wa nyuma, nani anashika usukani yake?

Redio akainama kupuliza mkaa wa birika.

— Inafuata mnyororo, eeddo, Jeki akajaribu. Kama ngamia.

— Diriye, wewe umewahi kufuta ngamia ya nyumba?

Hakuwahi. Hakuna mwanamume pale aliyewahi; hiyo ni kazi ya wanawake.

— Mimi nimefuta tangu msichana, Raho akasema. Ngamia iko na macho. Anaona shimo, anaruka. Na hii, macho yake iko wapi?

— Tunaweza kufunga usukani na kamba, akasema Karani. Unyooke.

— Na barabara, pia mumeifunga kamba inyooke?

— Kuna chuma, Jeki akasema. Chuma ya bembe tatu, inashika gari bila dereva. Jeshi iko nayo.

— Wataniba hiyo chuma?

Redio, maskini, ndipo akanigeukia mimi. Alisema nishone mtu wa gunia, avalishwe kofia, aketi pale.

Basi swali likabaki, na likaanza kutuzunguka mmoja mmoja. Karani alikumbuka kwamba jina lake halitakiwi kuonekana katika konvoi yoyote. Jeki akashika mgongo. Redio akasema nani atauza kahawa. Mimi nilishukuru kwamba sikuulizwa. Kila mmoja wetu aliijua njia ile. Tulikuwa tumekalia kipande chake. Keinan alitutazama wote kwa zamu, bila hasira, bado akingoja mmoja wetu amalize sentensi yake vizuri.

Raho hakungoja. Alimwambia mumewe maneno machache ya Kisomali. Keinan akatikisa kichwa kukataa. Raho akayarudia. Keinan akaenda akafungua mlango wa Volkswagen.

Raho akaingia, tumbo likagusa usukani. Akasukuma kiti nyuma mpaka mwisho, miguu ikawa mbali na breki. Keinan akapanda nyumbani akashuka na mito miwili, akamwekea mgongoni. Alimwonyesha breki, akamwonyesha honi. Akainama dirishani muda mrefu kuliko somo lilivyohitaji, kisha akaenda kuwasha lori.

Walizunguka soko. Kona ya kwanza Raho alikata mapema, akaangusha pipa la maji la mwenye hoteli. Kona ya pili akapita vizuri. Watu walisimama milangoni. Mzunguko uliofuata lori lilipunguza mwendo, mnyororo ukalegea, na Volkswagen ikasogea mpaka pua yake ikagonga chuma cha nyuma ya Bedford. Kelele yake ilikuwa ndogo. Tukaona Raho ameshika tumbo kwa mkono mmoja, usukani kwa mkono mwingine.

— Kosa lake ni moja tu, akasema Jeki. Ile ya nyuma ndiyo inashika breki kwanza. Akiona lori inabunguza mwendo, yeye akanyage mbele ya mwenzake. Mnyororo ikae imekaza siku zote. Akijua hiyo, anafika Wajir.

— Kweli kabisa, akasema Karani.

— Wallahi kweli, akasema Redio.

— Na kesho watashika breki mara mingi, Jeki akaendelea. Konvoi inasimama-simama.

Lori lilikuwa linakuja tena upande wetu, taratibu, na nyuma yake uso wa Raho kwenye kioo. Lilipita karibu na benchi kiasi cha mtu kunyoosha mkono akagusa boneti.

— Mwambie basi, nikasema.

— Mwambie wewe, akasema Jeki.

Likapita.