Pini ya Pili: Wasifu wa Marehemu Bi Umeme

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha birika, marehemu aliufuata waya wake kwa kidole mpaka ukutani. Mumewe hakuchoka kumtania: “Mke wangu, birika ni lile lile la jana.” Naye alikuwa akijibu, “Ya jana niliyaona jana.”

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Akiwa darasa la nne alifungua redio ya baba yake, akaifunga tena na kubakiwa na skrubu mbili mkononi. Redio ikaendelea kuimba. Alihitimu uhandisi wa umeme mwaka 1986, na tarehe 14 Novemba 1987 akafunga ndoa na mwalimu wa hisabati.

Kazini waliomwita Bi Umeme walikuwa na sababu. Aliandika programu zinazokiwezesha kiini cha mfumo wa kompyuta kuendesha vifaa, pamoja na maelezo ya kila kifaa: kina pini zipi za kupokelea umeme, na kila pini inalishwa na chanzo gani. Kiini huyaamini maelezo hayo. Chanzo kisichotajwa kwenye maelezo ya kifaa chochote, hukizima.

Mwaka 2014 aliandika maelezo ya kipimajoto cha majokofu ya chanjo. Kilikuwa na pini mbili za umeme. Kwenye kifaa cha majaribio mezani kwake zote mbili zilishiriki chanzo kimoja kisichozimwa, naye akaandika moja tu. Kwenye majokofu yenyewe pini ya pili ilikuwa na chanzo chake. Kiini kikakizima chanzo hicho, kwa kuwa hakikuandikwa. Vipimajoto vikanyamaza, majokofu yalipopata joto kengele hazikulia, na chanjo zikaharibika.

Alikwenda mwenyewe kwenye zahanati moja. Akina mama walikuwa wanarudishwa nyumbani, watoto mgongoni, na muuguzi anatia vichupa kwenye ndoo ya taka. Marehemu alishindwa kuinua uso. Aliwaandikia wenzake wote: “Nilieleza meza yangu, sikueleza kifaa.” Ndipo alipoanza kufuata nyaya za nyumbani kwa kidole. Hata siku ya kustaafu, watu walipomsifu, aliangalia viatu vyake.

Vijana aliowafundisha wanakumbuka ukali wake.

“Bi Umeme, hii pini ya pili programu haiitumii.”

“Sikuuliza programu inatumia nini, mwanangu. Ipo kwenye kifaa, haipo?”

“Ipo.”

“Basi iandike.”

Aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo Februari 2023, na alifariki dunia asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ameacha mume, kaka, watoto watatu na wajukuu wanne. Mola amlaze pema, apumzike, aitue aibu aliyoibeba kimya.

Wasifu huu ulianza kuandikwa akiwa hai. Binti yake wa mwisho alikaa kando ya kitanda akiandika tarehe alizotajiwa, mpaka wakafika mwaka 2014. Kaka wa marehemu akaingilia.

“Hayo yaache, dada. Aibu ya maiti aijuaye mwosha.”

“Mimi sijawa maiti, kaka.”

Kaka akacheka bila kupenda, kisha akageukia dirisha. Binti alikuwa na uso wa moto, kalamu imesimama. Alitamani mjomba ashinde. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, “Mama, habari ya majokofu niisome mbele za watu?”

Marehemu alifumba macho kidogo.

“Ipo,” akasema. “Iandike.”